Maneno ya Tata Ndani ya Maneno ya Mama

Nyanga, Bukoba

Dada Edvina,

Shikamoo. Natumaini huko Mwanza wewe na watoto mu wazima. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sina. Tangu ugombane na Tata, baba yetu, simu za nyumbani hupokei, na hata kumzika hukuja, ndiyo maana nimempa Ismail wa basi barua hii akukabidhi mkononi.

Siku hizi natengeneza tovuti ya kikundi cha wakulima wa kahawa wa Kagoma. Kila mkulima ana ukurasa wenye picha na maneno yake. Kurasa zote zilifunguka vizuri isipokuwa wa Mama. Unamjua: hasemi jambo bila kumtaja aliyemwambia, na huyo naye aliambiwa na nani. Sasa maneno ya mkulima hukaa ndani ya alama za kunukuu, na kompyuta ikikuta alama nyingine katikati hudhani amemaliza kusema. Inakata hapo hapo, ukurasa unavurugika. Nimehangaika nao mpaka nikalia, mtu mzima mimi. Bosi wangu Johnson akasema nifute hizo habari za ukoo, wanunuzi wanasubiri. Nilikaribia kumtii.

Dawa ipo: alama za ndani huandikwa kwa msimbo wake. Lakini lazima ujue nani anaanza kusema wapi na anaishia wapi. Nikairudia sauti ya Mama niliyoirekodi, Kihaya chake kile cha haraka. Nilikuwa nimemuuliza kahawa atamwachia nani, akaanza tena fulani alisema, nikadhani ananitania. Kumbe alijibu hivi:

"Mume wangu aliniambia, 'Mama yangu alisema, "Mibuni ya nyuma ya nyumba ni ya Edvina." Nikamnyima kwa hasira. Mwite mwanangu, umpe.'"

Siku ile pia aliniuliza kama watu wa Mwanza nao wataiona hiyo tovuti. Nikamjibu ndiyo, huku nacheka. Sikuelewa kitu, dada.

Sasa siwezi kumuuliza tena. Mama amepata kiharusi, yuko hospitali hapa Bukoba, na sauti imekwenda. Daktari hatupi matumaini. Nikitaja jina lako machozi yanamtoka.

Ukurasa unafunguka sasa, hakuna neno lililokatwa. Lakini nakuomba usiusome huko. Mke wangu Jovita na watoto wanakusalimu. Ismail anageuza basi kurudi Bukoba asubuhi baada ya kukukabidhi barua hii, nimemwambia akuwekee kiti.

Mdogo wako,
Kamala