Filimbi za Panya na za Mizimu

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, ila kazi hazinipi hata nafasi ya kujikuna. Mwezi huu nimetunga muziki wa tamthilia ya mapenzi, wa taarifa ya habari na wa katuni ya panya. Muongozaji wetu ananiita Kinyonga, maana leo nakuliza, kesho nakuchekesha.

Juzi tulisikiliza muziki wa filamu yake ya mizimu. Zilipofika filimbi za juu, yeye na fundi sauti wakaziba masikio. Nikafurahi, nikadhani wameogopa. Fundi akaniambia, "Bosi, hizi zinatoboa. Umezipandisha mno." Nikacheka, nikamwambia nilikuwa nampima. Kumbe mimi nilizisikia kwa mbali, kama zinapigwa nyumba ya tatu, ndiyo maana kila siku nilikuwa naziongezea sauti.

Sijamwambia mtu. Nikirudi nyumbani najifungia na kinanda, nabonyeza kwenda kulia, kwenye sauti za juu, mpaka pale ninaposikia kidole kikigonga tu. Jumatatu vibonye vinne vya mwisho vilikuwa kimya. Leo ni sita.

Unakumbuka tulivyokuwa tunamnunia baba, tukidhani anatupuuza tukimwita? Wewe ndiye mkubwa, utakuwa unajua. Alianza akiwa na umri gani? Usinifiche ukidhani unanihurumia.

Nijibu kwa barua, dada. Usinipigie simu.

Ni mimi, kitindamimba wenu