Nilikuwa Nakimbia Mama Alipoanguka

Mama Dionisia, shikamoo. Naomba unisaidie maana sina wa kumwambia. Mimi ni fundi cherehani hapa Nachingwea, nina miaka thelathini na sita, naishi na mama yangu ambaye mwaka jana alipata kiharusi upande wa kushoto, na nilipomwona mdomo umeenda upande nikaingiwa na hofu kwamba na mimi yatanipata, nikaanza kukimbia, mwanzo nusu saa tu baada ya sala ya alfajiri, usingizi ukarudi, presha ikashuka, basi nikaongeza, sasa nakimbia masaa mawili asubuhi barabara ya Chiola na lisaa limoja jioni, na nikikosa siku moja moyo unanienda mbio, mkono wa kushoto unaingia ganzi, goti limevimba lakini nalifunga kitambaa naenda hivyohivyo.

Jumanne nilirudi nikamkuta mama yuko chini uani, alitaka kwenda chooni mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakuniita. Akasema, "Nimekuita mwanangu, halafu nikakumbuka muda huu hupo." Tangu hapo hataki kusimama. Mdogo wangu Zuena amekuja kutoka Ruangwa, akaniambia wazi, "Dada, mazoezi gani hayo ya kumtelekeza mgonjwa?" Nililia, na kesho yake nikakimbia tena. Nikiacha naogopa nitaanguka kama mama, nisipoacha naogopa siku moja nitamkuta amekufa. Nifanye nini?

Hajra, Nachingwea

Marahaba, Hajra, na pole sana. Hofu yako naielewa, na mazoezi yalikusaidia kweli. Ila soma barua yako tena. Usingizi ulirudi na presha ilishuka kwa ile nusu saa, kabla hujaongeza chochote. Masaa mengine yote unaikimbia hofu, nayo unarudi nayo nyumbani, huku goti linaharibika na mama yuko peke yake. Hapo umekosea, sikufichi.

Wiki hii usikimbie kabisa. Nenda hospitali na mama, yeye aangaliwe nyonga, wewe goti na presha, na hiyo ganzi uieleze pamoja na hofu yenyewe, usione aibu. Ganzi ikija ghafla, au mdomo ukienda upande au maneno yakibadilika, hospitali saa hiyohiyo. Goti likipona, rudi kwenye nusu saa, siku tano kwa wiki, na usitoke mpaka mama amepelekwa chooni na kuna mtu wa kubaki naye. Jioni acha barabara. Waombe wataalamu wa hospitali wakuonyeshe namna ya kumsimamisha, kisha mtembee naye uani polepole, hayo nayo ni mazoezi.

Na Zuena usimnunie. Kabla hajarudi Ruangwa, kaa naye mpange nani atasaidia, na mwambie unaogopa. Umeniambia mimi nisiyekujua, wakati ndugu yako wa tumbo moja yumo humo ndani, anadhani humjali mama.