Taa ya Barazani na Ua la Isamu

Jumamosi, 27 Mei

Vimeshika! Nimekivuta kipandikizi kimoja taratibu, kikakataa kutoka. "Kikikataa kutoka, kimekubali kuishi." Mume wangu Isamu alikuwa akisema hivyo kila mwaka, kila mwaka kama jambo jipya, nami kila mwaka namjibu: nimesikia. Leo nimesema mwenyewe, kwa sauti. Hakuna aliyejibu kwamba amesikia.

Vyungu vitatu. Mwaka jana Mzee Nakazato, jirani, ndiye aliyenisaidia — yaani alifanya yeye, mimi nikachemsha chai. Mwaka huu nimekataa msaada. Ua hili haliuzwi duka lolote. Isamu alipanda kiku, haya maua ya krisanthemamu ya vuli, tangu ujanani, lakini hii aliizalisha mwenyewe kwa mbegu baada ya kustaafu reli, akipanda na kutupa, akipanda na kutupa, hadi likatoka ua moja kubwa la rangi ya chai nyepesi. Akaliita Gari la Mwisho. Jina gani hilo la ua, nikamwambia! Akasema ndilo gari la moshi la usiku lililokuwa likimrudisha kwangu. Mtu ambaye miaka yote ya ndoa hakuwahi kunisifia hata supu.

Jumanne, 13 Juni

Mvua. Mvua tena. Wadudu mafuta wamejaa kwenye ncha changa, nimewafuta kwa mswaki wa zamani. Magoti yananiuma. Vyungu vilikuwa nyuma ya nyumba kama siku zote, lakini ngazi za mawe kule zimeota kuvu, na jana niliteleza nusura niende chini na ndoo yangu. Basi nimevihamishia mbele, ukingoni mwa baraza. Jua lipo, paa linakinga mvua, nami naviona hata nikiwa nakula. Sijui kwa nini Isamu hakulifikiria hili. Wanaume wanapenda kubeba maji mbali.

Jioni naviona pia, kwa taa ya barazani. Taa hiyo naiwasha kila siku jua likizama. Isamu alipokuwa dereva wa gari la mwisho niliiacha ikiwaka mpaka arudi. Sasa harudi, basi inawaka mpaka asubuhi.

Jumapili, 9 Julai

Binti yangu Chizuru alikuja kutoka Nagoya, akala tikiti maji, akaniharibia siku.

Mama, nyumba hii inakumeza. Mama, magoti. Mama, kwetu kuna chumba, ghorofa ya nane, kuna lifti, kuna hata kibaraza cha kuweka vyungu viwili vya Baba. Anasema vizuri, sauti ya chini, kama muuguzi. Ndiyo iliyonikasirisha. Angepiga kelele tungepatana.

Mdomo ukanitoka. Nikamwambia angoje kumbukumbu ya kifo cha baba yake mwezi wa kumi na moja. Gari la Mwisho likichanua mbele ya picha yake, kwa mkono wangu mimi, aniache nife kwangu. Lisipochanua nitafunga mizigo bila kuambiwa.

"Haya," akasema. "Umesema mwenyewe, Mama."

Akafuta mikono, akawahi treni. Ulimi hauna mfupa! Na mtoto huyu amemrithi baba yake — ukimpa neno analitia mfukoni.

Jumatatu, 14 Agosti

Ni siku zile za mwaka wafu wanaporudi; wako nyumbani. Nimemtengenezea Isamu farasi wa tango, miguu ya vijiti, aje haraka. Na ng'ombe wa biringanya wa kumrudisha. Biringanya nimechagua nene kusudi, achelewe kuondoka.

Balbu ya barazani ilikuwa inapepesa. Aibu — mtu anatoka mbali hivyo akute taa inakonyeza! Nimenunua mpya, nyeupe, kali. Kijana wa dukani kasema haili umeme, iache tu iwake. Sasa pale barazani unaweza kutunga uzi kwenye sindano.

Na kiku zangu! Majani kama visahani. Kila chungu mashina matatu, refu nyuma, mawili mbele; yanaitwa Mbingu, Ardhi, Mtu. Zinanifika kifuani. Mzee Nakazato alipita, akazitazama kwa jicho la wivu, akasema, "Mama Chizuru, unazilisha nini, wali?" Nimefurahi mpaka nimeona haya.

Ijumaa, 8 Septemba

Kimbunga. Redio imesema tokea asubuhi, upepo ukafika mchana. Nimeviburuta vyungu vyote hadi bafuni, kimoja kimoja, juu ya gunia.

Zamani tulikuwa tunavibeba wawili. Vyungu ishirini! Tunavipanga bafuni mpaka mlango haufungi, kisha Isamu anasema hawezi kulala bila kuoga. Anaingia kwenye beseni la maji moto katikati ya kiku zake, kichwa tu kinaonekana, majani yamemzunguka. Niliingia kumpa taulo nikacheka hadi nikakaa chini. Akasema, "Unacheka nini, hapa ni hotelini." Upepo unapiga mabati, sisi tunacheka.

Leo peke yangu. Kwenye kizingiti chungu cha tatu kilinishinda, kikaegemea, shina moja likavunjika — Mtu. Limekatika kwa sauti ndogo tu. Nimeketi sakafuni bafuni nikalia. Si kwa ajili ya shina.

Jumamosi, 16 Septemba

Nimepita kwa Nakazato kumrudishia bakuli. Kiku zake zina matumba! Kila shina, katikati, kijani, kama punje ya pilipili manga. Nimerudi mbio na magoti yangu haya. Zangu — majani. Nimepekua kila ncha na miwani puani. Majani, majani, majani.

Siku hazitoshi. Nimezipa mbolea gani mbaya? Nimekata mapema? Ng'ombe wa maskini hazai.

Chizuru amepiga simu. Nimesema zinaendelea vizuri.

Jumatatu, 18 Septemba

Siku ya kuheshimu wazee. Mtaa umetugawia maandazi mawili mawili, jekundu na jeupe. Mzee Nakazato ndiye aliyeleta yangu, jioni, giza limeshaingia. Akasimama langoni akajikinga macho kwa mkono.

"Mama Chizuru! Hapa ni barazani au uwanja wa mpira?"

Akacheka. Halafu akaona vyungu viko wapi. Akaacha kucheka.

"Inawaka mpaka saa ngapi?"

"Mpaka asubuhi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaweka maandazi chini, akaketi. Akaniambia polepole, mtu anavyompa mwenzake habari za msiba. Kiku haitoi tumba mpaka ione usiku umerefuka. Ndivyo inavyojua vuli imeingia. Zangu hazijaona usiku tangu mvua za Juni. Zinadhani bado ni kiangazi, ndiyo maana zinarefuka tu na kunenepa.

"Isamu hakukwambia?"

Aliniambia. Sasa nakumbuka. Aliniambia mara mia, kwamba ua hili linalala, kwamba lisiamshwe. Nami nilimjibu mara mia: nimesikia.

Nikamuuliza Nakazato, nikiizima, Isamu ataijuaje nyumba? Sikukusudia kulisema. Lilitoka.

"Shemeji," akasema — hajaniita hivyo tangu mazishi — "yule alikuwa dereva wa treni. Njia ya kurudi aliijua gizani."

Anasema nikizima sasa labda matumba yatatoka. Onyesho la kiku la hekaluni nimeshalikosa. Kumbukumbu je? Labda.

Jumanne, 19 Septemba

Nimeizima.

Kidole kilikaa kwenye swichi mpaka chai ikapoa. Nisamehe, Isamu. Giza la pale nje ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nitalala na pazia wazi.

Jumamosi, 30 Septemba

Nimeanza kukaa nje jioni. Bila taa hakuna wadudu usoni. Nyenje wanalia hadi masikio yanachoka. Macho yakizoea, kiku zinaonekana, nyeusi, zimesimama kama watu wanaongoja kwenye stesheni.

Isamu alikuwa na tabia hii. Amestaafu, anakula, anatoka nyuma kukaa gizani na vyungu vyake. Nilikuwa nampigia kelele dirishani, unafanya nini huko, mbu watakumaliza! Anasema anazisindikiza zilale. Nikidhani ananikimbia vyombo. Lo, ningetoka hata mara moja tu nikaketi naye.

Nimemwambia Chizuru ukweli kwenye simu, habari ya taa na matumba. Nilingoja aseme: basi, Mama, fungasha. Yeye akauliza, "Kwa hiyo ile taa ilikuwa bado ya Baba?"

Ya nani tena.

Nikamuuliza kibaraza chake kinatazama nini. Duka la dawa, akasema, bango lake halizimwi. Basi hata vyungu viwili havitaweza huko. Nilisema hivyo tu, kama habari ya hali ya hewa. Sijui kama alinielewa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Tumba!!! Mbingu ya chungu cha kwanza. Halafu Ardhi. Halafu zote, hata chungu kilichovunjika shina!

Nimemwita Nakazato kwa sauti mpaka mkewe akadhani nimeanguka. Sasa kazi ni kupunguza — kila shina libaki na tumba moja, mengine yatoke, ili nguvu ziende mahali pamoja. Kazi hii Isamu hakuniachia kamwe. Nimevitoa vitumba vya pembeni kwa kucha, kimoja kimoja, nikikiomba radhi kila kimoja. Zimebaki siku chache mno. Nakazato anahesabu vidole, anatikisa kichwa, anahesabu tena.

Ijumaa, 3 Novemba

Onyesho hekaluni. Watu, wali wa maharage mekundu, watoto wanakimbizana kati ya maua makubwa kuliko vichwa vyao. Nakazato amepata karatasi ya dhahabu ya mshindi. Anatembea kama jogoo. Pale Isamu alipokuwa akiweka chungu chake pana chungu cha mtu nisiyemjua, ua la zambarau, zuri. Nimelitazama kwa haki. Nikaenda nyuma ya choo nikajipangusa macho.

Tukirudi Nakazato akaninong'oneza: nina kiku moja ya rangi karibu na ya Isamu. Ichukue, iweke mbele ya picha. Chizuru atajuaje?

Nilitaka. Ningeweza kubaki na nyumba yangu kwa chungu kimoja tu!

"Isamu atajua," nikasema.

"Ah, yule atajua," akakubali. "Na atanitukana mimi."

Jumanne, 14 Novemba

Baridi. Mchana naviingiza ndani dirishani vipate jua, jioni navirudisha ukingoni. Mbingu imepasuka kidogo, ndani kuna rangi. Rangi ile ile! Chai nyepesi! Nilisahau kwamba inaanza na kijani kidogo pembeni.

Nakazato anasema sasa tumba limeshaumbika, mwanga haudhuru tena, nikitaka niwashe hata jua la pili. Jioni nikaenda kwenye swichi. Nikarudi nikaketi gizani. Nimezoea. Nahisi yupo karibu zaidi hivi.

Jumamosi, 18 Novemba

Kesho saa nne mtawa anakuja kusoma sala za kumbukumbu. Nimesugua nyumba, nimechemsha viazi. Mbingu imefunguka nusu. Petali za nje zimelala chini, za katikati bado zimekunja ngumi. Ardhi iko nyuma yake kidogo. Nusu! Nimewaza siku nzima, nusu ni kuchanua au si kuchanua? Mkataba wetu haukusema.

Chizuru amefika saa kumi na mbili, giza tayari. Nimesikia lango, nimesikia kiatu chake kikigonga jiwe. Nikainuka, kidole kwenye swichi. Anayerudi huwashiwa taa.

"Usiwashe, Mama!"

"Utaanguka wewe!"

"Usiwashe. Si ulisema linataka giza?"

Sikumwambia kwamba mwanga haudhuru tena.

Akaja akipapasa ukuta. Mkoba ukawekwa chini. Kisha nikasikia anavuta pumzi puani, mara mbili. Kiku ina harufu yake, kali kidogo, ya majani na dawa. Vuli nzima mikono ya Isamu ilinuka hivyo, hata akimfunga huyu vifungo vya koti aende shule.

Hajasema lolote kuhusu Nagoya. Mimi sijauliza.

Naandika hapa jikoni, mlango nimeufunga mwanga usitoke. Yeye bado yuko nje, ameketi gizani kando ya chungu na koti lake. Nimemwita mara mbili aje ale, supu inapoa. Anasema amesikia.