Nukta Zilizonyooka Kupita Kiasi

Shangazi Leokadia, shikamoo. Naomba unisaidie maana kichwa kinaniuma, nafanya kazi kiwanda cha jamu huku ughaibuni, Upplands Väsby, na kila nusu saa natoa chupa tano kwenye mashine ya kujazia, nazipima uzito, natafuta wastani na kuuchora kama nukta kwenye karatasi yenye mistari miwili myekundu, mmoja juu mmoja chini, na mashine yenyewe anaiendesha Mzee Janvier, Mrundi wa kanisani kwetu Alby, ndiye aliyenitafutia kazi hii, sasa wiki mbili zilizopita nukta zikaanza kushuka, moja ikavuka mstari wa chini, nikaona huyu mzee watamfukuza, nikaichora katikati, na zilizofuata nazo hivyo hivyo, ila uzito wa kweli nikawa nauandika kwenye kalenda yangu ya nyumbani kwa sababu, Shangazi, nilitaka tu kujua zitafika wapi. Zilizidi kushuka, hata zile siku mbili Mzee alipokuwa likizo na mashine akaishika mwingine. Juzi msimamizi wetu, mama mmoja, kaitazama karatasi, kasema, "Hakuna mashine inayonyooka hivi," na wateja wamelalamika chupa hazijai, kwa hiyo Jumatatu Mzee Janvier anaitwa kujieleza. Kajuaje yule mama, na hakuwepo nikipima? Nikiri au ninyamaze?

Vumilia, Alby

Marahaba, Vumilia. Pole, lakini mh! Umenichekesha na kuniudhi kwa barua moja.

Kajuaje? Ugali wangu siku nyingine huwa laini, siku nyingine mgumu. Mtu akiniambia wake haubadiliki hata chembe, najua hajapika. Mashine nayo hubadilika kidogo kila siku, na mistari ile inaonyesha mabadiliko ya kawaida yanaishia wapi. Nukta ikivuka, au zikishuka mfululizo, kuna kitu kimeharibika, kitafutwe. Wewe ukazisoma kama alama za mtihani, ukamsahihishia mzee wa watu. Nani alikutuma? Mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Sasa soma tena barua yako, mwanangu. Zilishuka hata Mzee alipokuwa likizo! Basi ubovu ni wa mashine, na ushahidi wake unao wewe, umeutundika ukutani kwako.

Usingoje Jumatatu. Kesho asubuhi mpe msimamizi kalenda hiyo, na useme kwa kinywa chako kwamba nukta zile ni zako. Utakaripiwa, huenda na kazi ikakuponyoka, sikudanganyi. Kisha nenda kwa Mzee Janvier ukamwombe radhi, maana wa kwanza kumwona ana kosa hakuwa msimamizi, ulikuwa wewe.