Fankisheni Tupu

Jumatatu, 4 Machi

Programu hii itanitoa roho! Kwenye laptopu yangu inarusha sauti mtandaoni bila wasiwasi. Kwenye ya fundi mitambo, safi. Kwenye kompyuta ya studio ya redio — ndiyo pekee yenye maiki! — inafunguka, inatema maneno mekundu, inajizima. Eti: fankisheni haikupatikana kwenye maktaba. Mfumo wa studio ni wa zamani, na maktaba yake ya sauti, ghala la vipande ambavyo programu huviazima, ni ya zamani vilevile. Hiyo fankisheni, kipande cha maagizo ambacho programu inakiita, haimo kabisa. Na Alhamisi saa nne Baba anasoma habari.

Jumanne, 5 Machi

Nimenakili maktaba ya laptopu yangu, nikaibandika studio. Ujinga mtupu! Mifumo tofauti, hata faili lenyewe kompyuta haikulitambua.

Bosi kapita, eti kama ni shida tuahirishe mpaka wiki ijayo. Nilimjibu vibaya. Ijumaa Baba anapasuliwa koo, na daktari kasema sauti haitarudi. Miaka thelathini na moja amesoma habari hapa. Wiki ijayo asome kwa sauti ipi?

Jumatano, 6 Machi

Fundi anataka tubadilishe mfumo mzima wa studio. Siku mbili, anasema. Sina siku mbili mimi.

Nikaamua kivyangu. Nimeandika fankisheni yenye jina lilelile, ndani haina kitu. Programu ikiitafuta, iikute, iache kelele. Imekubali!! Nimesema moja-mbili-tatu kwenye maiki, mshale wa kupima sauti ukacheza, spika za studio zikaitika. Nimempigia Kaka huko ng'ambo: kesho, usikose. Ataomba ruhusa kazini.

Baba hajaongea kutwa nzima, anaitunza sauti. Kaniandikia kwenye karatasi: chai yangu iko wapi? Nimecheka mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya kucheka.

Alhamisi, 7 Machi

Saa nne na dakika tano. Baba yuko nyuma ya kioo, kavaa shati la kazini, anasoma. Sauti inakwaruza, lakini ni yeye. Ni yeye kabisa!

Kaka kapiga simu. Mbona kimya?

Nimevaa hedifoni, nimefungua matangazo kwenye laptopu. Kimya. Wasikilizaji mia mbili na kumi, hawapati hata neno. Mungu wangu! Ile fankisheni ndiyo inayoichukua sauti ya maiki na kuipeleka nje, na mimi nimeiacha tupu. Spika za studio na ule mshale vinapokea moja kwa moja kutoka kwenye maiki, havipiti kwenye programu. Jana sikusikiliza mtandaoni. Sikusikiliza! Na rekodi inapita hukohuko, nayo ni tupu.

Kaka anasema msimamishe, aanze upya. Fundi anasema hapana — daktari kampa dakika kumi tu, mzee hana koo la kuanza upya. Fundi kanyata, kaingia, kaweka simu yake mezani irekodi. Itadaka kurasa zilizobaki. Tatu za mwanzo zimepotea, na kwenye ya kwanza alimsalimia Kaka.

Naandika hapahapa, upande wa pili wa kioo. Baba kaiona simu. Kanitazama, kainua kidole gumba, nyusi juu: inafika?

Kaka bado yuko kwenye simu, ananiita. Nimemwinulia Baba kidole gumba. Katabasamu, kafunua ukurasa wa nne.