Mchezaji wa Turiani Niliyemfungia Maisha

Kuala Lumpur, Malaysia
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu, ila nimechoka. Goti lako linaendeleaje na utelezi wa huko Kinole? Bado unateremka na ndizi kichwani mpaka gulioni, au dada Tatu amekushinda ukakubali kupumzika? Usinifiche.

Uliniambia nikuandikie, kwa kuwa kwenye simu mtandao hukatika kabla hujauliza la maana. Basi leo nakujibu swali lako la mara ya mwisho: "Hivi mwanangu, kazi yako ni kuwaadhibu watu wanaocheza?"

Ndiyo, mama. Kampuni yetu ina mchezo wa kompyuta unaochezwa kwa mtandao. Watano upande huu, watano upande ule, kila mmoja yuko kwao. Na kama ilivyo uwanjani, wapo wasio waungwana. Wengine wanatukana, wengine wanaiba ushindi kwa hila, na wengine wakiona wanafungwa wanatoka katikati ya mchezo na kuwaacha wenzao wanne wakihangaika. Sisi ndio tunaopanga kosa lipi liwe na adhabu ipi.

Sheria ya watoro niliiandika mimi. Ukitoka mara ya kwanza unaonywa, ya pili unakaa nje siku tatu, hivyo hivyo adhabu inapanda. Ukifika mara ya sita na wenzako wakakulalamikia, unafungiwa maisha. Nilisifiwa sana. Malalamiko yalipungua, nami nikawa naidhinisha majina kama karani anayegonga mihuri, bila kusoma.

Mwezi uliopita ikaja rufaa ya Kiswahili. Humu hakuna mwingine anayekijua, ikaletwa kwangu. Aliyeandika ni kaka mmoja, Gervas, mtu wa Songea aliyehamia Turiani, fundi wa kuchomelea vyuma. Yeye na wenzake wanne walisoma pamoja chuo cha ufundi, kisha kila mmoja akaangukia mkoa wake. Jumapili mchana walikuwa wanakutana kwenye mchezo wetu, wanacheza huku wanaongea. Ndiyo yalikuwa maongezi yao ya wiki.

Aliandika hivi: "Ndugu mhusika, mimi sijawahi kukimbia mchezo. Huku kwetu kuna mgawo wa umeme. Ukikatika, kompyuta inazima, nanyi mnasema nimetoroka. Nimefungiwa maisha bila kuulizwa hata neno moja. Na ninaomba kujua, ni nani aliyenishtaki?"

Mama, niliona aibu. Mimi niliyesomea kwa kibatari pale Kichangani kwa mama mdogo, ndiye niliyeandika sheria kana kwamba duniani kote umeme haukatiki! Nikamkumbuka na marehemu baba. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilipouzwa, alijua amepunguzwa kazi kwa kuliona jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa getini. Wewe ndiye uliyenisimulia kwamba kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna aliyemwita akamwambia usoni.

Nikafungua kumbukumbu za mchezo. Gervas alisema kweli. Kila alipotoka, wachezaji wengine wa maeneo yale walizimika dakika ile ile. Nikatazama na majina ya walioshtaki. Wawili walikuwa wenzake wale wale wa chuo aliowataja kwenye rufaa.

Nikaenda kwa bosi wangu, Bi Lim, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Awe amekimbia au umeme umekatika, wale wanne waliobaki wameumia vilevile. Wao atawatetea nani?"

Nilikaa na swali hilo siku tatu, ndipo nikarudi kwake. "Wale wanne tuwafidie," nikamwambia. "Wakifungwa wakiwa pungufu, wasipoteze pointi. Lakini fidia yao tusiitafute kwenye shingo ya asiyekosa. Aliyezimika apewe muda wa kurudi. Eneo zima likizimika, isihesabiwe kosa. Na asifungiwe mtu maisha kabla hajasomewa kosa lake akajibu."

"Na wajanja je? Wataanza kuchomoa waya wenyewe."

"Wataanza," nikakubali.

Akacheka kidogo. "Sawa. Ila hayo majibu yao utayasoma wewe."

Na kweli wajanja walianza wiki ile ile. Wengi nawakamata, maana majirani zao hawazimiki, lakini wapo wanaonipita, najua. Na majibu ndiyo hayo ninayoyasoma kutwa. Mmoja amefiwa na bibi yule yule mara tatu! Mwingine ananitukania wazazi, kisha chini anaandika tafadhali. Ndiyo sababu ya uchovu wangu, mama. Kuadhibu bila kusoma kulikuwa kazi nyepesi.

Gervas nilimfungulia, na ngazi aliyokuwa amefikia mchezoni nikamrudishia. Nikamwandikia kwa mkono wangu kumwomba radhi. Lile swali lake la aliyemshtaki sikulijibu. Haturuhusiwi kusema, na hata kama tungeruhusiwa, sijui kama ningesema.

Msalimie mjomba Shomari, kiongozi wetu wa ukoo, mwambie shikamoo yake nimeituma nikiwa nimepiga magoti. Bibi aliyekuzaa mbusu mikono kwa niaba yangu. Dada Tatu, mlezi wako, mwambie asikuogope, akuzuie kubeba mizigo. Na mama mdogo wa Kichangani, aliyenisomesha, akija kwako mpe salamu za pekee.

Nilitaka kuishia hapo, lakini jana Gervas alinijibu, na sina mwingine wa kumwambia. Ameandika: "Dada, nashukuru. Tumeanza tena Jumapili, sote watano. Wote walisema wamefurahi kuniona. Ila siku hizi ninacheza nikisikiliza sauti zao, nikijiuliza ni nani kati yao, na umeme ukirudi naogopa kuingia tena."

Niombee, mama.

Mwanao,
Zuhura