Majani ya Dende za Maman

Nyalukemba, siku ya ine, magaribi

Na wote wakapiga makofi! Jana doyen, mukubwa wa fakulte yetu, alisema mbele ya wenzangu kama makala yangu juu ya woga mu ubongo iko inatajwa na watafiti wa inchi mingi. Nilicheka kama mujinga.

Ile kazi niliifanya na dende za Maman, vile vinyama vidogo sawa panya bila mukia, anafugaka mu jiko yake kule Katana. Alinichagulia zenye afya. Lakini kwa kuchunguza ubongo, lazima kuziua, zote. Hilo sijamuambiaka.

Leo nilimupelekea habari ya makofi. Akafurahi, akaniombea baraka. Kisha akauliza: «Na dende zangu? Ile ya sikio nyeupe ilizaa?»

Nilikauka palepale, sawa vile nimeeleza mu makala: munyama akisikia hatari, anakauka, hatikisike.

«Ziko bien, Maman, ziko muzuri.»

«Mu mji zinakula nini?» Akaingia shambani, na magoti yake yale ya kuuma, akakata majani, akafunga na kamba ya mugomba. Ningemuzuia. Ningesema tu…

Nimeyabeba mpaka hapa. Yako pembeni ya kompyuta, yangali mabichi. Siwezi kuyatupa, na hakuna wa kuyakula.